Vibuyu Tisa Nilivyofagia

Kabla sijakueleza habari za Cheptanui, wacha nikiri yangu kwanza. Mimi ni mtu wa ufagio. Duka langu la vitambaa na nyuzi liko mstari wa nyuma, sokoni Nakuru, na kila asubuhi kabla sijatundika hata dera moja nimeshafagia mbele yangu na mbele ya jirani, atake asitake. Watu husema, "Fardosa, hiyo yako ni ugonjwa." Sawa, ni ugonjwa. Lakini ndio ugonjwa uliomkosesha Cheptanui sehemu ya haki yake, na nikianza mahali pengine nitakuwa nakudanganya.

Cheptanui, ama Mama Emmy kama tunavyomwita, ni jirani yangu wa mkono wa kulia, mwaka wa kumi na mbili sasa. Anauza mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wao maalum mpaka yanaganda na kuwa na rangi ya majivu. Mimi niliapa tangu mwaka wa kwanza kwamba sitaonja. Maziwa na makaa wapi na wapi? Yeye hucheka tu. "Mama Najwa," huniambia, "utazeeka bila kujua utamu."

Alizaliwa Ndabibi, baba yake akichunga ng'ombe wa watu, na mama yake akitengeneza vibuyu. Akaolewa Lanet. Mume akafariki Emmy akiwa darasa la tatu, akamwachia ng'ombe watatu na deni la mazishi. Hakuenda kulia kwa mtu. Alianza na vibuyu viwili, akavileta sokoni mgongoni kama mtoto, akapanga viwili, vitano, kumi, na siku ile ninayotaka kukueleza vilikuwa ishirini na tatu kwenye rafu, vimevishwa ngozi na shanga, na kila kimoja kina jina. Ndiyo, majina! Kimoja kinaitwa Chifu kwa sababu ya tumbo.

Na si kitu cha kununua leo ukatumia kesho. Kibuyu kipya ni kichungu. Lazima kioshwe, kikaushwe, kipakwe mkaa, kitiwe maziwa, yamwagwe, kirudiwe tena na tena, miezi minane mpaka kikubali. Yeye husema anakifundisha maziwa. Kikipasuka hakitupwi, kinashonwa, kwa sindano na kano za ng'ombe, siku hiyo hiyo. Mama yake hakuruhusu kibuyu kilale na ufa, na yeye pia haruhusu. Mimi nimeuza nyuzi maisha yangu yote, mafundi wote wa mji huu nawajua, na nakuambia mshono wa Cheptanui ulikuwa umenyooka hata ungedhani ni wa cherehani.

Sasa, kulikuwa na huyu kijana Kiplangat. Naita kijana lakini ana ndevu na pikapu. Alikuwa akinunua mursik kwa Cheptanui shilingi mia lita, anaipeleka kwa hoteli za Milimani. Miaka mitatu! Halafu siku moja mpishi wa hoteli mojawapo akashuka mwenyewe sokoni kumtafuta huyo mama, "mathe wa mursik," na katika kuongea akataja bei anayonunulia. Mia mbili na hamsini. Cheptanui akamuuliza, "Na nikikuletea mimi mwenyewe kwa mia na themanini?" Yule mpishi angekataaje?

Kiplangat alikuja Jumanne, saa mbili asubuhi, soko limejaa. Hakusalimia mtu. Alikuwa na rungu. Alianza rafu ya juu akashuka, pa! pa! pa! maziwa yakitiririka mpaka kwangu, na Cheptanui alipoinua mkono wa kushoto kumkinga Chifu, rungu likatua kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia mfupa. Wallahi nilisikia. Nikapiga mayowe, wanaume wanaouza viazi wakaja mbio, naye akaingia kwenye pikapu akaenda zake kama mtu aliyemaliza kazi.

Tulimpeleka hospitali, mkono ukafungwa plasta, tukaandikisha polisi. Wakasema watakuja kuona mahali na kupiga picha, tusiguse kitu. Walikuja Alhamisi.

Sikiliza sasa vile sisi wanawake wawili tulivyojiharibia. Jumanne hiyo hiyo jioni nilirudi kufunga duka, nikaona maziwa yameganda sakafuni, nzi, vipande vya vibuyu kila mahali. Nikashika ufagio. Vile vilivyovunjika vipande vidogo kabisa, vibuyu tisa, nilivifagia vyote nikavimwaga kwa lori la takataka. Vile kumi na vinne vilivyopasuka tu nikaviweka kwa gunia, nikampelekea nyumbani kwake Lanet, nikidhani namsaidia. Na yeye alipoona gunia aliniambia nini? "Mama Najwa, una uzi mgumu? Kano zimeniishia." Nikampa rola tatu za nailoni ya bluu. Usiku huo, na kesho yake kutwa, alishona, plasta mbichi mkononi. Alhamisi afisa alipofika akakuta sakafu inang'aa, na vibuyu kumi na vinne vizima vimepangwa kwenye rafu.

"Mama," akauliza, "kwani ni nini ilivunjwa hapa?"

Akacheka. Alicheka, huyo mtu! Akaandika kitu kifupi akaenda.

Nilimgeukia Cheptanui kwa hasira. Nikamwita mjinga, mbele ya watu. Nikasema nani anashona ushahidi? Aliniangalia tu, kisha akaangalia ufagio wangu mlangoni, na mimi nikaingia ndani kupanga nguo ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Baada ya wiki mbili mzee Kipngetich, babake Kiplangat, alikuja Lanet na wazee wenzake wawili. Cheptanui aliniita nikae naye. Ni mzee wa heshima, siwezi kumsingizia, aliongea polepole na alionekana ana aibu. Akaweka bahasha mezani. Elfu sitini. Na mtamba mmoja wa maziwa, akasema, ataletwa Jumamosi.

Lazima ujue hali ilikuwaje mle ndani. Emmy alikuwa amerudishwa kutoka chuo kwa sababu ya karo, mwaka wa mwisho wa uuguzi, na ameambiwa asiporipoti kabla ya mwezi kuisha nafasi yake inakwenda. Alikuwa jikoni anasikiliza. Cheptanui hakuwa ameuza lita hata moja kwa wiki mbili. Alikuwa hawezi hata kukama, Emmy ndiye aliyekuwa akikama. Mimi moyoni nilikuwa nasema, chukua, dada yangu, chukua haraka kabla hawajabadilisha mawazo.

Cheptanui akasema, "Asante mzee. Naona mmekuja kwa heshima."

"Basi tia sahihi hapa mama, tumalize kama watu wa nyumba moja." Akatoa karatasi.

Alinipa nisome kwa sauti. Imeandikwa kwamba yeye, Cheptanui, aliteleza kwenye maziwa yake mwenyewe yaliyomwagika, akajishikilia kwenye rafu, vibuyu vikaanguka, naye akaanguka na kuvunjika mkono. Kwamba Kiplangat hakuwa amemgusa. Kwamba aliripoti polisi kwa hasira za kibiashara na sasa anaondoa kesi kwa hiari yake.

Nilipofika mwisho sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Mzee," Cheptanui akasema, "hii pesa naitaka. Nisikudanganye, naitaka sana. Mtoto wangu yuko hapo jikoni na sanduku lake liko mlangoni. Lakini mimi nimetembea na maziwa miaka kumi na miwili na sijawahi kumwaga. Andikeni ukweli, kwamba alinivunja, na kwamba mmekuja kunilipa. Nitaweka sahihi saa hii hii."

Wazee wakaangaliana. Mzee Kipngetich akasema taratibu kwamba hilo haliwezekani, kijana ana jina, kuna zabuni anaomba, karatasi kama hiyo itamfuata. Cheptanui akairudisha bahasha upande wao kwa ule mkono mzima. Akawapa chai. Wakanywa, wakaaga, wakaenda.

Emmy alitoka jikoni analia. "Mum, ni karatasi tu! Ni karatasi!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamuunga mkono. Kesho yake Cheptanui alimuuza Tapsamo, ng'ombe wake bora katika watatu, Emmy akarudi chuoni na karo yake mkononi. Nilimsindikiza kumuuza. Hakulia mpaka mnunuzi alipouliza jina la ng'ombe, na hapo aliniachia mimi nijibu.

Kiplangat alishtakiwa, na kesi ilipoanza kutajwa mahakamani ndipo tulipokutana na Sitati. Sitati ni msaidizi wa kisheria, jamaa mrefu mwenye sheria zote kichwani, anakaa kwenye meza moja karibu na lango la mahakama kusaidia watu ambao hawana wakili. Alitutazama tukizunguka na mafaili akasema, "Mathe, kuja ukae. Ulisharudisha fomu ya P3, ile ya polisi daktari anajaza?" Tulikuwa tumerudisha. "Risiti za hospitali?" Zote zilikuwa kwenye mfuko wa sukari. "Safi. Sasa unataka nini kutoka kwa hii kesi?"

Cheptanui akasema anataka Kiplangat apigwe faini kubwa.

"Ili iweje?"

"Ili nilipwe."

Sitati akatikisa kichwa. "Faini ni ya serikali, mathe. Hata akipigwa milioni, wewe huoni shilingi. Kitu yako inaitwa fidia, na usipoiomba korti inaweza kumaliza kesi na kila mtu akaenda nyumbani."

Ya Rabbi! Miezi yote hiyo tulikuwa tunaombea faini. Nilikaa chini kabisa, nikasema eleza tena, pole pole, kama watoto. Akaeleza. Akipatikana na hatia, hakimu anaweza kuamuru amlipe Cheptanui ndani ya kesi hiyo hiyo, matibabu, mali, kazi aliyokosa, lakini kila kitu kiwe na uthibitisho, na aombe apewe nafasi ya kusema kwa mdomo wake vile maisha yameharibika. Kwenda kumshtaki upande wa madai pia inawezekana, ila hapo ni wakili na miaka. Nikauliza, "Na serikali yenyewe?" Akasema kuna mfuko wa waathiriwa umetajwa kwenye sheria, tuulize na tujaze fomu kama ipo, "lakini msiuze mbuzi mkiungoja." Na kuelewana nje ya korti? Hiyo pia ni njia halali, akasema, wengi huichukua na si aibu, bora kila mtu aseme ukweli na hakimu ajue.

"Hiyo ya ukweli ndiyo ilitushinda," Cheptanui akasema.

Mashtaka yalikuwa mawili, la kumjeruhi na la kuharibu mali. La mkono lilikuwa na karatasi. La vibuyu halikuwa na kitu. Kiongozi wa mashtaka, msichana mpole wa miwani, alituita kando akasema hana picha, hana kielelezo, na kumbukumbu ya afisa inasema "vibuyu vyote vizima." Labda aliondoe.

Nikasema, si tulete vibuyu vyenyewe? Mshono si unaonekana?

Cheptanui akasema hapana.

Nikadhani sikusikia. Nikamuuliza njiani, hapana. Nikamuuliza sokoni, hapana. Wiki nzima! Nikamwambia wewe mwanamke uliuza Tapsamo kwa sababu ya ukweli, na sasa ukweli uko kwenye rafu yako na unaufunika na leso? Kwa sababu ni kweli, alikuwa amevifunika vile kumi na vinne na leso aliyonunua kwangu, na hotelini alikuwa anapeleka maziwa kwa mitungi ya plastiki. Siku ya tano nilichoka nikaivuta ile leso.

"Wacha!" akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, hata siku ya rungu. Halafu akaketi. "Mama Najwa, angalia vile imeshonwa. Mama yangu akiona hiyo mshono atasema hakunizaa. Nipeleke hiyo kwa korti, watu wote waione?"

Niliangalia. Kweli, mishono ilikuwa mibaya. Uzi wa bluu ukienda huku na huku, fundo juu ya fundo, mahali pengine sindano imepita mara tatu. Mwanamke huyu alikuwa tayari kupoteza pesa kuliko hakimu aone mshono uliopinda. Nilicheka mpaka nikajikuta nalia. Nikamwambia, "Mama Emmy, nyuzi nimeuza miaka ishirini na sita. Hakuna mshono nimewahi kuona unaosema mambo kama huu. Ukikataa, nitaubeba mimi mwenyewe."

Tulivibeba wawili. Vibuyu kumi na vinne, na kimoja cha zamani alichokishona miaka mingi iliyopita, ambacho hukaa nyumbani.

Siku hiyo Kiplangat alikuwa amevaa suti. Wakili wake alikuwa mtu wa maneno matamu. Akainua kibuyu kimoja, akakigonga na kidole. "Mama, hiki ni kizima au kimevunjika?"

"Ni kizima sasa."

"Na kushona vibuyu ni kawaida yenu, si ndiyo? Hata hivi vinaweza kuwa vilipasuka mwaka juzi, miaka mitano iliyopita?"

"Inawezekana," akasema Cheptanui, maana hawezi kusema uongo hata ukimlipa, na hilo tulishaliona. Nilitaka kumrukia pale kizimbani.

Hakimu, mama mmoja mtu mzima, akaomba aletewe kile cha zamani na kimoja cha uzi wa bluu. Akaviweka sambamba. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Hizi zote ni kazi ya mkono wako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbona hazifanani?"

Cheptanui akainamisha kichwa. Pale ndipo nilipoona aibu yake ilikuwa kubwa kiasi gani. "Mheshimiwa, naomba msamaha kwa hiyo mshono," akasema. "Nilikuwa na plasta, vidole vya kushoto havikunjiki. Kibuyu nilikuwa nashika kwa magoti, uzi navuta na meno. Siku zingine mimi hushona vizuri."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu sana. Mzee Kipngetich, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, akavua kofia akaiweka kwenye magoti, na Kiplangat akaanza kuangalia viatu vyake.

Kisha nikaitwa mimi. Nikaeleza niliyoyaona na niliyoyasikia, nikataja uzi, rola tatu, jioni ya Jumanne ile, na plasta mbichi. Yule wakili akaona mwanya.

"Mnasema vilivunjwa ishirini na tatu. Tisa viko wapi?"

"Nilifagia."

"Ulifagia ushahidi?"

"Nilifagia takataka mbele ya duka langu," nikasema, "na wewe ukija na kuacha vipande vyako pale, nitakufagia pia." Watu wakacheka, hakimu akaniambia nijibu swali tu, nikasema ndiyo mheshimiwa. Lakini niliona kwenye uso wa kiongozi wa mashtaka kwamba tisa hivyo vimekwenda.

Kabla ya hukumu Cheptanui alipewa nafasi yake ya kusema. Hakuongea sana. Alitaja mkono, kwamba mpaka leo asubuhi ya baridi unakataa kukama. Alitaja Tapsamo. Hakimu alimuuliza bei ya kibuyu. "Kibuyu kitupu ni mia nane," akasema. "Miezi minane ya kukifundisha, hiyo sina bei yake. Weka wewe, mheshimiwa."

Kiplangat akapatikana na hatia kwa mashtaka yote mawili. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza alipewa miaka miwili ya probesheni, akae nje chini ya uangalizi, na akaamriwa kumlipa Cheptanui fidia ya shilingi laki moja na elfu hamsini na mbili, kwa awamu nne, kupitia mahakama: matibabu, miezi ya kazi aliyokosa, maumivu, na vibuyu kumi na vinne. Kuhusu tisa, hakimu alisema mahakama haikuonyeshwa hata kipande, na mlango wa kesi ya madai uko wazi akitaka.

Tulipotoka nje nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamwambia nitamlipa mimi tisa hivyo, nikaanza kufungua mkoba. Akaushika mkoba, akaufunga.

"Hapana. Wewe ni mshtakiwa wa pili," akasema, uso umekazwa kabisa. "Pesa yako sitaki. Utanifundishia vibuyu tisa."

"Nini?"

"Tisa. Miezi minane. Kuosha, kukausha, kupaka mkaa. Nyuma ya duka lako."

Nilidhani anatania. Jumatatu alileta vibuyu tisa vichungu na gunia la vijiti, akanionyesha namna ya kuchoma na kusugua ndani kwa ufito. Mimi, Fardosa, ambaye sipendi hata vumbi la chaki! Masizi mpaka kwenye nyusi. Binti yangu Najwa alinipiga picha akawatumia shangazi zake wote, mpaka wa Eldoret. Wateja wananiuliza, boss, siku hizi unauza makaa? Cheptanui anakuja, ananusa kila kimoja, anarudisha. "Hiki bado." "Hiki umekiharakisha." "Hiki kimekukasirikia." Mara nne nilitaka kuvitupa. Kisha nikajikuta nimevipa majina, na kimoja nikakiita Wakili, kwa sababu kilikuwa kigumu kukubali.

Awamu zilikuja, nyingine zilichelewa, na ile ya tatu Sitati alilazimika kuandika barua. Ya mwisho ilikuja mwezi uliopita. Emmy naye amemaliza chuo, na siku hiyo alikuwa amekuja sokoni na sare yake nyeupe. Cheptanui alitoka mahakamani moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu. Hela alimpa Emmy ashike. Karatasi akanipa mimi.

"Nisomee. Kwa sauti, wa viazi wasikie."

Nikasoma. Imesema Cheptanui amepokea kiasi chote cha fidia aliyoamriwa kulipwa na Kiplangat, mwana wa Kipngetich, kwa kumvunja mkono na kuharibu mali yake.

"Rudia hapo kwa mkono."

"Kwa kumvunja mkono."

"Haijasema niliteleza?"

"Haijasema uliteleza."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Emmy akamshika mama yake ule mkono wa kushoto, kwenye kifundo, akasema, "Pole, mum. Nilisema ni karatasi tu." Na mimi nilikuwa nimesema vivyo hivyo, kwa hiyo nikasema pole yangu pia, kwa sauti, wa viazi wakisikia. Nakuambia nilijivunia yule mwanamke siku hiyo mpaka kifua kikaniuma.

Cheptanui alikunja karatasi, akaiweka kifuani, kisha akaenda nyuma ya duka langu bila kuomba ruhusa. Akarudi na Wakili. Siku sita kabla alikuwa ametia maziwa ndani bila kuniambia. Akakitikisa, akakifungua, akanusa kwa muda, na sote tukangoja.

"Hiki kimekubali," akasema. Akamimina kikombe akanisukumia. "Kunywa kazi yako, mama wa ufagio."

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimekataa. Nikasema bismillahi, nikanywa. Ilikuwa kali kidogo, na ilikuwa na moshi, na nikaomba kikombe cha pili.